Sura ya Tisa, Dakika ya Kumi na Nne

Kwanza nazima friji.
Naifunika saa ya ukutani kwa taulo,
namwomba Pentti wa ghorofa ya juu
aahirishe kufua mpaka saa tatu,
kisha najipenyeza kabatini
katikati ya makoti ya marehemu mume wangu,
sufu nzito inayomeza mwangwi.
Jumba zima hapa Tampere halijui
kwamba bibi wa namba kumi na saba
ameketi juu ya sanduku la viatu, tochi kichwani,
anakohoa sasa ili asikohoe baadaye.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa muuguzi wa meno.
Neno langu lilikuwa "panua."
Panua zaidi. Usiongee.
Leo kinywa ni changu.

Kitabu ni cha Elviira Kuusniemi, tarishi,
aliyevusha barua juu ya ziwa lililoganda
kwa farasi na sleji, baridi ishirini mfululizo.
Alikufa. Miaka sabini ikaanguka juu ya kaburi lake
kimyakimya kama theluji, na sheria ikaachia mkono:
maneno yake hayana mwenyewe tena,
yaani yana wenyewe wengi.
Tumegawana sura.
Eljas wa Oulu anasomea ndani ya gari, gerejini.
Inkeri anasomea chini ya blanketi huko Rovaniemi,
na ukitega sikio utamsikia akitokwa na jasho.
Hatulipwi. Hatujaonana.
Mimi nilichukua ya tisa kwa kuwa ni fupi.

Katika sura ya tisa ni mwaka wa vita,
ndugu kwa ndugu,
na ndani ya mfuko wa posta mna bahasha
yenye jina la mama yake Elviira.
Anajua kilichomo.
Ameshapeleka kumi na mbili za aina hiyo kwa majirani.
Katikati ya ziwa anasimamisha farasi.

Nilisoma mpaka mwisho bila kusita,
nikatuma, nikalala.

Kisha Kaarlo wa Kotka, fundi wa piano mstaafu,
anayetusikiliza sote kidole kikiwa juu ya ukurasa,
akaniandikia:
"Dakika ya kumi na nne, sekunde ya sita.
Kitabuni: Sikulia.
Wewe umesema: Nililia.
Kwingine safi. Friji haisikiki."

Kwa lugha yetu ni kineno cha herufi mbili tu,
nilikimeza kama kidonge.
Ulimi hauna mfupa, hilo silihitaji kufundishwa,
nimeusukuma kando kwa kioo maisha yangu yote.
Nikajirudia, nikajisikiliza.
Sauti haikujikwaa. Ilisema nililia
kama mtu anayetaja anwani yake.

Siku ya kumzika Reino nilikuwa nikihesabu vikombe.
Vilipungua viwili. Nakumbuka vikombe.

Nikarudi kabatini.
Mara ya kwanza nilisema sikulia
kama mtangazaji wa stesheni.
Mara ya pili tumbo likanguruma.
Mara ya tatu nikasoma sentensi inayofuata kwanza, peke yangu, kwa macho:
"Farasi alikuwa akinitazama, na barafu ilikuwa ya mwezi wa nne."
Basi.
Hakuwa akijisifu.
Chini yake kulikuwa na maji, mbele yake mama,
na mnyama aliyesubiri kuambiwa twende.
Nikalisema chini, karibu na kola ya koti,
jinsi mtu anavyomwambia farasi.

Kaarlo akajibu: "Safi."

Ile ya kosa sikuifuta.
Imo humo kwenye kompyuta, sekunde tatu,
haina sura wala namba.

Asubuhi maziwa yalikuwa yamechacha.
Friji nililisahau.