Akidi

Mara ya kwanza walisema: akidi haijatimia.
Tukajifunga kanga, tukabeba ndoo tupu,
tukarudi na vumbi lile lile tulilokuja nalo.
Mara ya pili mwenyekiti alikuwa mjini, semina.
Ya tatu, muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini,
na ufunguo, Mungu ndiye ajuaye.

Ndipo Sechelela, muuza togwa wa stendi ya Bahi,
aliyeishia darasa la nne na asiyesahau deni,
akasema: basi hiyo akidi tuihesabu wenyewe.
Kila kaya itoe punje ya mtama.
Moja tu. Aliyevuna gunia, aliyevuna makapi.

Siku tisa tulipita, kaya kwa kaya,
jua la Oktoba likitukaanga visogo.
Ndahani alichomoa yake kwenye mbegu,
akaitazama kwanza, kama mtu anayeaga.
Mzee Masinjisa aliuliza: hiki ni chama gani?
Tukamjibu: chama cha ndoo.
Akacheka mpaka akakohoa, akatoa punje mbili.
Tukamrudishia moja. Kura ni kura.

Mimi niliandika. Daftari la hesabu la mwanangu,
nyuma ya kuzidisha kwa saba:
Pampu ilikufa Mei.
Ndoo shilingi mia, kisha mia mbili,
kisha mia tano, kwa mwenye punda.
Mvua, siku kumi na moja, mwaka mzima.
Mchango wa pampu tulitoa mara mbili. Risiti hakuna.
Mkaa, malori sita, usiku. Kibali
(hapa wino uliniishia, nikamalizia kwa penseli)
tuliambiwa tusiulize.

Jumamosi, meza ilitandikwa kitambaa cha kijani.
Sechelela hakusalimia. Alifungua pindo la kanga
akamimina.
Mtama juu ya mbao, chini ya bati:
kwa kitambo kidogo wote tulitazama juu,
tukidhani mvua.

"Mia nne na kumi na mbili. Hesabu, mheshimiwa."

Kuku akaruka mezani, akadonoa tatu.
"Hizo nazo ni wajumbe," akasema Sechelela,
"wamo ndani ya kuku. Wahesabu."

Akaanza. Moja. Mbili. Akakosea, akaanza upya.
Kivuli cha ofisi kikatufikia miguuni, kikatupita.
Hakuna aliyeinuka, hata wenye watoto mgongoni.

Alipofika mia moja na kitu, sauti ikamkauka.
Akaomba maji.

Tukatazamana.

Maji, mwenyekiti,
ndiyo ajenda.