Doa Juu ya Rafu ya Saba

Paa lilishalipiwa mara mbili.
Mafundi wa bati walipanda, wakashuka, wakatia sahihi,
na doa likaendelea kunenepa darini
juu ya rafu ya saba, penye vitabu vya kilimo cha mizabibu,
rangi ya chai iliyolala.

Kutaisi, mwezi wa pili. Theluji imekoma siku tisa,
jua kavu, na ndoo bado inahesabu:
to. Kimya. To.
"Basi si paa," akasema Nodari, akivua kofia
kama mtu aliyefika msibani.

Alimimina juisi ya bitiruti kwenye sinki la ghorofa ya tatu.
Tukangoja, mimi na tochi, Bi Tsiala na saa yake ya mkononi.
Tone likaja safi, halina habari.
Akaegemeza nondo ukutani, sikio kwenye ncha ya pili,
akatunyamazisha sote, hata mwanafunzi aliyekuwa akifunua kurasa.
Maji, alisema, ni shahidi mwongo:
hulia hapa, yaliumizwa kule.
Haya yalitambaa juu ya boriti mita kumi na moja
kabla ya kupata tundu la kutokea.

Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta.
Sisi tulibomoa ukuta ili tuuone ufa.

Nyuma ya plasta, choo kilichosahauliwa
tangu jengo lilipokuwa shule namba tatu:
masinki manne mafupi, ya kimo cha watoto,
na bomba la chuma, kiungo chake kimefungwa
kitambaa chekundu kilichopakwa rangi ya mafuta.
Skafu ya shingoni. Ya watoto wa chama.
Mtu fulani, jioni, hana vifaa, ana haraka,
alifunga alichookota; nacho kikashika
miaka arobaini na kitu, kisha kikachoka.

Bi Tsiala akakikunjua kwa kucha mbili.
Yeye alipoteza yake akiwa darasa la nne,
akasimamishwa mbele ya gwaride hadi miguu ikafa ganzi.
"Si yangu," akasema. "Yangu mama aliipinda kwa uzi mweusi."
Akautafuta uzi hata hivyo.

Nodari alikata, akachonga hesi mpya, akazungushia katani,
akakaza spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.
Akafungua maji kidogo kidogo, kama anayemwamsha mgonjwa.
Tukapapasa kiungo, mmoja mmoja. Kikavu.
Risiti akaiandikia juu ya goti: lari themanini,
na ukuta si kazi yake.

Ndoo imerudi stoo tangu Jumanne.
Bado tukipita rafu ya saba
tunapinda kidogo, pale ambapo haipo.