Kitovu cha Bakuli

Lipindue kwanza. Kila chombo husema kweli
kikilala kifudifudi.
Hapa chini, katikati, pana kovu
lililosuguliwa hadi likang'aa:
ndipo lilipokatwa kwenye fimbo ya chuma
ya mtu aliyelipuliza. Kitovu.
Kwa hiyo hili lilizaliwa,
halikumiminwa tu kama sabuni.

Sasa pitisha ukucha ubavuni, taratibu.
Ukikutana na mshono, ni la kalibu,
ndugu zake elfu wamo makabatini mwa watu.
Hili halina mshono. Lina povu moja,
dogo kama punje ya ulezi, karibu na ukingo:
pumzi ya mtu iliyofungiwa humo
na haijatoka mpaka leo.

Nimejifunza hapa mezani pangu, soko la Kenya, Lubumbashi,
kati ya sufuria za Kichina na vikombe visivyo na masikio,
nimejifunza kwa kukosea.
Niliwahi kumuuzia padri chupa ya siki
nikiapa kuwa ni ya kale;
akanionyesha, kwa upole ulioniumiza,
tarehe iliyopigwa chini yake.

Leo amekuja Bwana Mpundu, na lenzi, na daftari.
Anataka jina la fundi. Anataka mwaka.
Bila hivyo, anasema, ni bakuli tu
la manjano hafifu, kama maji ya ndimu:
dola kumi na tano,
na hizo ni kwa kuwa ananiheshimu.

Jina lilikuwepo. Kando ya kitovu
pana herufi, huenda ni V, huenda ni mkwaruzo.
Nkambo Umba alilisugua kwa majivu miaka kumi na minne
jikoni kwa madamu, barabara ya jakaranda,
kisha mingine thelathini kwake, Kamalondo.
Alimfuta fundi bila kukusudia,
kwa usafi.

Tukabishana. Saa kumi na mbili na nusu
umeme ukakatika, kama kawaida yake, bila kuaga.
Kaniki wa meza ya pili, mbadilisha pesa,
akawasha kitochi chake cha zambarau
cha kukagulia noti za mia,
mwanga ukateleza, ukaliangukia bakuli,

likawaka.

Kijani. Si kijani cha sombe, si cha kasuku.
Kijani kilichotoka ndani.
Mteja wa Kaniki akasahau alipofika kuhesabu.
Mpundu ndiye aliyenong'ona: urani.
Waliichanganya na mchanga kwa ajili ya rangi tu,
kabla ya vita,
kabla hawajaipatia kazi nyingine.

Na urani ya Wabelgiji wa siku zile
ingetoka wapi kama si Shinkolobwe,
huko huko upande wa Likasi, safari ya asubuhi moja?
Monga, kaka yake nkambo, alibeba magunia huko.
Alikufa akikohoa, nasi hatukujua tumuulize nini.
Labda ni udongo wa mabega yake.
Labda ulipanda treni, ukapanda meli,
ukawa moto mbele ya uso wa mtu nisiyemjua,
ukarudi Elisabethville umeviringishwa kwa nyasi kavu,
ukaoshwa kila Jumapili na dada yake Monga,
wala hakuna aliyemtambua mwenzake.
Labda. Sina risiti.

Mpundu akapandisha: mia na ishirini.
Akafungua daftari. Fundi?
Nikamwambia: andika wawili, mpulizaji na mbebaji,
wa kwanza hajulikani, wa pili hana uhakika.
Mwaka?

Nikakishika kidole chake, nikakipeleka ukingoni,
penye pengo dogo ambalo bado lina makali.
Hii, nikasema, ndiyo alama pekee
ninayoweza kuiapia.
Themanini na saba, mwezi wa mvua,
kijiko cha chuma, mtoto kasimama juu ya bidoni
anaiba sukari.

Andika jina langu.