Koti la Mhusika Mkuu

Kazi yangu ni kupokea makoti.
Namba ya shaba kwa mgeni, pacha yake kwenye kulabu,
na kati yetu kaunta iliyochubuka kama goti la mtoto.
Usiku ule theluji iliganda barabara ya Piotrkowska,
na jumba letu la tamthilia, hapa Łódź,
lilinuka sufu mbichi.

Baba alikuja. Hakuwa na koti la kunipa.
Alivaa sweta mbili, ya kijani juu ya nyingine ya kahawia,
akasema baridi ya mwaka huu ni ya kitoto.
Nikampa namba hata hivyo. Hamsini na tatu.
Akaitia mfukoni kama mtu aliyelipwa.

Koti lake lilikuwa jukwaani.

Witold aliliomba wiki iliyotangulia:
"Mhusika wangu amefilisika, baba, na stoo yetu haina
koti linalojua kufilisika."
Mama alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.
Baba akacheka, akalitoa kabatini, akalikung'uta:
"Angalia, mfuko wa kushoto umetoboka.
Vitu hudondokea kwenye bitana. Usipoteze maneno yako humo."

Hapo kale tanzia ilikuwa mali ya wafalme.
Mfalme akianguka, mji mzima hutetemeka.
Baba yangu alianguka na zipu.

Mwaka wa tisini na tatu alikopa benki,
akanunua mashine sita,
akaandika langoni: BOGUMIŁ NA MWANAWE.
Mwanawe alikuwa na miaka minne.
Mimi nilikuwa na tisa, nilijua kusoma.
Kila asubuhi nililisoma lango lile
nikitafuta herufi yangu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Akainama kwa benki, akainama kwa wakwe,
akainama kwa afisa wa kodi mwenye kikohozi,
hata mgongo ukasahau kunyooka.
Kisha zikaja zipu za ng'ambo,
kilo nzima kwa bei ya mkate.

Mashine zilipochukuliwa
yeye aliendelea kuondoka saa kumi na mbili alfajiri,
miezi kumi na moja,
akakaa kituo cha reli cha Kaliska hadi jioni
kama msafiri ambaye treni yake inaona haya kufika.
Tulijua. Mama alijua kwa soli za viatu.
Kila mmoja aliishika siri upande wake,
meno ya zipu yakitazamana.

Sehemu ya tatu niliiacha kaunta, nikachungulia mlangoni.
Witold alikuwa kwenye benchi, bega la kulia limelala
vilevile. Alihesabu hela ambazo hazikuwepo
vilevile. Akatia mkono mfuko wa kushoto,
jambo ambalo halikuandikwa,
mkono ukazama kwenye bitana karibu na kiwiko,
ukatoka na makombo: mkate mgumu kama changarawe,
mkate wa miaka mingi.

Akasahau maneno yake.
Mnong'onezaji alinong'ona mara mbili.
Watazamaji walidhani ule ukimya ni ufundi,
na mhusika alipokufa, mwishoni, kwa amri ya mwandishi,
walipiga makofi wima.

Baada ya pazia baba akairudisha namba yake.
Witold akaja na koti, rangi bado usoni,
akasubiri.

"Umeigiza vizuri," baba akasema.
"Lakini yule mtu alisahau kubeba mkate.
Ukikaa pale kutwa, lazima ubebe mkate."
Akafikiri kidogo.
"Na kufa, kwa nini? Kesho yake angeamka tena saa kumi na mbili."

Ndivyo alivyotuambia. Miaka yote ile,
na ndivyo tu.

Akalivaa koti. Zipu, moja ya zile za kwanza kabisa,
ikakwama kifuani kama kawaida yake.
Akaivuta. Akaivuta tena.
Witold akainama.