Kati ya Matanga na Msusi

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, kule Chavakali,
shangazi Andisi alinipitishia wembe kichwani
bila kuniuliza. Maji baridi, kipande cha sabuni,
na nywele zangu za singa za kununua,
miaka kumi na minane ya dawa na rola na draya,
zikaanguka juu ya jani la mgomba
kama za mtu mwingine.

Hiyo ilikuwa Septemba. Sasa ni Februari, niko Nakuru,
na upepo unaotoka ziwani umebeba magadi.
Unakausha nguo kwa nusu saa, midomo kwa dakika,
na hiki kilicho kichwani mwangu
unakikausha kabla sijafunga mlango.

Sijui nikiite nini.
Si upara, ambao watu huuheshimu,
wakakuuliza kwa sauti ya chini, "Pole, ni nani?"
Si nywele, ambazo watu huzisifu.
Ni timutimu. Ni nyasi za kando ya reli.
Panja la kushoto limelala, la kulia limesimama,
kisogoni kuna kundi lisilomsikia mtu,
na kila asubuhi mto umezipanga upya
bila kunishauri.

Nimejaribu, Mungu ni shahidi.
Parachichi lililopondwa kwa mtindi:
nikanukia kachumbari hadi Ijumaa.
Shubiri kutoka ua wa Mama Cherono.
Mafuta ya nazi, yaliyoganda kwa baridi ya alfajiri,
nikayayeyusha kwapani, nani ataniona?
Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji:
mimi nimeshanyolewa, na bado natia,
kikombe kizima, asubuhi na jioni.
Yanapotelea humo kama mchangani,
wala hazisemi asante.

Kazini, pale posta, mteja anainamia fomu yake,
"Kijana, nipe stempu mbili."
Akiinua macho: "Aa. Samahani, mama."
Bwana Kiptalam, mkubwa wangu, anakohoa kwanza:
"Kavosa, hutafuti wigi?"
Najibu natafuta. Sitafuti.

Jumamosi nikamwendea Wangechi, msusi wa Bondeni.
Alishika kishungi kimoja kwa vidole viwili
kama mtu anayemng'oa kupe, akavuta.
Kikamponyoka.
Tena. Kikamponyoka.
"Dada, hazishikiki. Nifunge nini na nini?
Rudi Aprili, mvua ikianza."
Hakunitoza. Hilo ndilo lililoniuma.

Fupi mno kwa msusi, ndefu mno kwa matanga:
hapo ndipo ninapoishi siku hizi.
Watu wameacha kunipa pole
nami sijaacha kuihitaji.

Jana usiku stima ikapotea.
Nikawasha mshumaa mbele ya kioo cha bafuni,
nikainamisha kichwa kutafuta mba,
na kwa kioo kidogo cha mkononi nikaona:
utosini, nywele zinazunguka
mara mbili, moja kulia, moja kushoto,
kama maji yaliyopata matundu mawili ya kutokea.

Baba alikuwa nayo hiyo mizunguko.
Niliijua nikiwa darasa la pili,
nimebebwa mabegani, tunapeleka mahindi kwenye kinu,
gunia kwenye baiskeli, mimi shingoni,
nikizishika nywele zake kwa mikono yote miwili.
Zilikuwa kavu. Zilikuwa ngumu, zinakwaruza,
na kwa sababu hiyo sikuanguka.

Miaka kumi na minane nilizilaza zangu kwa dawa.

Sikulia. Nikachukua chanuo,
lile lenye meno sita kati ya tisa,
nikaanzia kisogoni, polepole.
Likanasa.
Nikavuta. Likagoma.
Basi nikaliacha palepale, limesimama wima,
nikaenda jikoni kuchemsha chai
nalo kichwani.