Mbolea Inayokufa

Nilitumwa Lira kwa baiskeli
nikalete pakiti moja,
unga mweusi wenye unyevu, mfano wa ugoro.
"Usiiache juani," Akite alisema.
"Humo mna bakteria. Huwaoni, lakini wana kiu,
na wanaungua kama unavyoungua wewe."
Nikaitikia ndiyo, ndiyo,
kama mtu anavyoitikia redio.

Kijana wa duka naye akarudia yaleyale,
akaizungushia jani la mgomba lililoloa.
Mimi nilikuwa nahesabu chenji.
Mfuko wa urea ungekula mbuzi wetu wawili;
hiki kimekula bei ya jogoo.
Kitu rahisi hivi, nikawaza, kina uhai gani?

Pale Aboke chungu cha pombe ya mtama
kilikuwa kati, na wanaume na mirija yao pande zote.
Nikaegemeza baiskeli ukutani,
pakiti juu ya kiti, saa saba mchana.
Jua la Machi halina simile.
Tulimaliza habari za mpira, za daraja lililobomoka,
za mahari ya binti wa mtu.
Nilipoishika tena ilikuwa na joto la chapati,
na lile jani limekauka, linalia kama karatasi.

Sikusema.

Akite alikuwa na pakiti yake ya kikundi,
ameilaza chini ya mtungi siku tatu
kama mgonjwa wa homa.
Asubuhi ya kupanda akanawa mikono,
akakoroga maji ya sukari kwenye beseni,
akazigeuza soya kivulini, taratibu,
hadi kila punje ikavaa koti jeusi.
Mama yangu akachungulia:
"Siku hizi mbegu zinapakwa wanja ndipo zizikwe?"
Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Zake zikaenda juu, penye kichuguu.
Za pakiti yangu, mistari ishirini,
zikaenda chini, kando ya barabara,
mahali ambapo kila apitaye ana macho.

Wiki ya saba juu kulikuwa na giza la majani.
Chini, manjano,
manjano ya gazeti lililobandikwa ukutani tangu uchaguzi.
Okwir akasimamisha pikipiki ili asikike vizuri:
"Huku mmepanda soya au homa?"

Akite hakugomba. Alichukua jembe,
akang'oa mche mmoja wa juu, akaukung'uta polepole.
Mizizini vinundu, vimeshikana kama ushanga.
Akapasua kimoja kwa ukucha:
ndani waridi,
waridi ya ufizi wa mtoto kabla ya meno.
"Hawa wanakula hewa hii inayotupita bure,
wanaipika, wanaupa mmea.
Mmea nao unawalipa sukari.
Hakuna anayemdai mwenzake."

Kisha akang'oa wa chini.
Mizizi mitupu, safi, uzi uliofuliwa.
Akaitazama muda mrefu, akanitazama mimi.
Hakuuliza nilifanya nini. Aliuliza:
"Walifia wapi?"

Miaka ya kambi nimezika watu,
nawakumbuka mmoja mmoja kwa majina.
Sikujua kwamba ipo siku nitaulizwa
kuhusu wafu wasioonekana.
"Aboke," nikasema. "Ukutani."
Akaitikia kwa kichwa,
kama mtu aliyeonyeshwa kaburi.

Juu tulivuna magunia sita na debe.
Chini, gunia moja, na punje zake nyembamba
nilizipeta mwenyewe, bila kusaidiwa,
wala sikuomba.

Agosti nikatumwa tena.
Safari hii nilibeba chungu kidogo cha mama,
kitambaa chenye maji, pakiti katikati,
nimekifunga kifuani kwa khanga ya Akite
bila kujali nani anaona.
Pale Aboke mirija ikanyanyuliwa,
wakaniita kwa jina, wakasogeza kigoda.
Nikapiga kengele, sikushusha mguu.
"Leo siwezi," nikawajibu. "Nina abiria."