Usawa wa Bahari

Bunda nililofungua Jumanne, hapa Kongowea,
lilikuwa la makoti ya theluji.
Elfu kumi na nane nimetoa, na ndani
hamna dera, hamna hata kaptura:
makoti manene kama magodoro ya mtoto
na buti jozi tatu na mguu mmoja.
Mwanamvua wa kibanda cha pili alicheka hadi akakaa chini.
"Riziki hiyo, Mbeyu! Wauzie samaki wa barafu."
Jasho lilinitoka kwa kuyatazama tu.

Akaja Zulekha wa duka la dawa, Bombolulu.
Hakuuliza bei. Alitia mguu kwenye buti
akapiga kisigino chini mara tatu, kama abishaye hodi.
"Waenda wapi na kiatu cha askari?"
"Lesotho."
Nikadhani ni hoteli.

Nchi nzima iko juu, akanieleza,
huku amevaa koti, saa sita ya mchana, mwezi wa Machi.
Haina pwani, haina hata ukucha wa bahari.
Bonde lake la chini kabisa limepita mita elfu moja na mia nne.
Watu hujifunga mablanketi jua likiwaka,
farasi wao wadogo hukanyaga mawe kama mbuzi,
na kuna maporomoko ambapo mtu hushushwa kwa kamba
kando ya maji, nyayo ukutani, mgongo hewani,
na hilo mtu hulilipia.
"Ulipe ili uning'inizwe?"
"Miaka mitatu naweka, mama. Chama, na zamu za usiku."

Nikamuuliza hapa amekosa nini.
Alikuwa akifunga kamba, hakuwa na haraka.
"Hapa kila mahali nafika kabla sijachoka.
Nataka mahali pumzi ina bei."
Kisha akasema neno ambalo hadi leo lanizunguka:
"Na milima yote ya dunia, wajua hupimwa kuanzia wapi?
Kuanzia hapa. Usawa wa bahari.
Sisi ndio sufuri yao."

Nilimpunguzia mia mbili kwa neno hilo.

Jioni akipanda ngazi za jengo moja la Tudor,
ghorofa tisa, kilo kumi za unga mgongoni.
Watoto wa ghorofa ya nne wakimhesabia.
Bawabu aliuliza kama lifti imeharibika,
na alipojibiwa hapana, akakaa na fikira zake.

Julai akaenda.
Siku ya sita simu ililia nikipanga soksi.
Sauti yake ilikuwa vipande vipande.
"Natetemeka, mama. Farasi amekataa kwenda
nami nimemshukuru."
Theluji ikoje? Alinyamaza, akatafuta.
"Haina neno. Sisi tumezoea bahari, haifungi mdomo.
Hapa nasikia damu yangu ikipita masikioni."
Kiongozi wake, kijana aitwaye Tseko,
hajaiona bahari, na alikuwa na swali:
ni kweli maji huondoka, yakarudi, mara mbili kwa siku?
Huyaita nani?
Zulekha akanipa mimi swali hilo.
Miaka hamsini na mbili nakaa na maji haya
na sikuwa na la kumjibu kijana wa mlimani.

Buti amenirudishia niziuze.
Matope ya kule yameng'ang'ania soli, meusi,
yana nyasi ndani, nyembamba kama uzi.
Mwanamvua ataka nizisugue, zipate sura.
Juzi mwanafunzi wa chuo alizishika, akauliza bei.
Nikamwambia zina mwenyewe.

Jana nilifunga kibanda mapema nikaenda Tudor.
Bawabu aliniangalia miguuni, hakuuliza kitu,
keshajifunza.
Ghorofa ya tano goti liligoma.
Nikashika ukuta, nikahema, nikapiga hesabu:
mita kumi na tano, labda kumi na sita,
kuanzia kwetu.